Kemikali ya raha? Thubutu! Huo ni ufunguo malaya

Vuta kigoda ukae hapa kibarazani, maana mada ya wiki hii inakuhusu kinoma.

Siku hizi, bwana, mjini hapa kila mtu amekuwa daktari wa ubongo. Nenda saluni, nenda kijiweni, panda daladala la Mbagala, utasikia tu: "Yule sista serotonini yake imeshuka." "Mimi nikila chokoleti, serotonini inapanda." Ukiachwa na mchumba, serotonini. Ukifukuzwa kazi, serotonini. Neno limeingia mjini kwa mbwembwe kama bishoo aliyeshuka na boti la Zanzibar, na kila mtu analitafsiri hivi: kemikali ya raha. Ikiwa nyingi unacheka, ikipungua unanuna. Kwa hiyo dawa ni kujaza tu, kama unavyojaza petroli kwenye jenereta umeme ukikatika.

Mimi nasema thubutu! Na huu siyo ubishi wa kijiweni, kwa sababu kuna watu wanaumia kwa uongo huu. Yupo sistaduu anayemeza vidonge vya kupunguza mwili alivyouziwa na shoga yake. Yupo msela anayechanganya dawa za maumivu na dawa nyingine ili "apande". Na yupo binti aliyeandikiwa na daktari vidonge vya sonona, akavitupa siku ya sita eti havifanyi kazi. Hao watatu ndio ninaowaandikia leo. Na shahidi wangu mkuu, msicheke, ni panya.

Simaanishi panya road. Wala simaanishi panya buku wa Morogoro, wale wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Nazungumzia panya wa maabara, mweupe, mkia mrefu, mpole kama mtoto wa shule ya misheni. Huyo ndiye aliyetufundisha karibu kila tunachokijua kuhusu serotonini inavyofanya kazi kichwani.

ILIANZIA TUMBONI

Kwanza tumjue mhusika mwenyewe. Serotonini haikugunduliwa na watu waliokuwa wanatafuta raha. Katika miaka ya 1930 Mtaliano mmoja, Vittorio Erspamer, alikuta kwenye matumbo ya wanyama kitu kinachofanya utumbo ujikaze. Mwaka 1948 kule Cleveland, Marekani, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page walikuwa wanasaka kitu kilichomo kwenye damu kinachobana mishipa. Wakakipata, wakakipa jina hilo la serotonini, lenye maana ya kitu cha kwenye maji ya damu kinachokaza. Mwaka 1952 ikabainika kuwa kitu cha Mtaliano na kitu cha Wamarekani ni kile kile.

Kichwani je? Hapo anaingia dada mmoja jasiri, Betty Twarog, ambaye alianza kwa kuchunguza misuli ya kome wa baharini. Mwaka 1953 alionyesha kwamba serotonini imo pia kwenye ubongo wa wanyama wanaonyonyesha. Mpaka leo hesabu ni ile ile: asilimia 90 hivi ya serotonini yako iko tumboni, inasukuma chakula. Ya kichwani ni kidogo tu. Sasa kama kweli ni kemikali ya raha, basi utumbo wako ndio wenye raha kuliko wote nyumbani!

Na hapa niwaage wale wa ndizi. Ni kweli, ndizi ina serotonini. Lakini ubongo una mlinzi getini, na serotonini ya kwenye damu hairuhusiwi kupita. Ubongo unatengeneza ya kwake mwenyewe. Kula ndizi kwa sababu ni tamu na inashibisha, basi.

TAA ZA NJANO KWENYE UBONGO WA PANYA

Sasa twende Sweden, mwaka 1964. Dada Annica Dahlström na kaka Kjell Fuxe walichukua ubongo wa panya, wakaufukiza kwa kemikali inayozifanya seli fulani ziwake chini ya darubini, na kuukata vipande vyembamba kuliko karatasi. Zenye serotonini ziliwaka rangi ya njano. Wakaona jambo la ajabu: seli hizo ni chache mno. Hazifiki hata moja kati ya elfu ya seli zote za neva za ubongo ule. Zimejipanga katikati ya shina la ubongo, kule nyuma karibu na shingo, kama wazee wachache waliokaa kwenye baraza la mtaa. Lakini mikono yao ni mirefu! Matawi yao yanafika karibu kila kona ya ubongo, na mengine yanateremka mpaka kwenye uti wa mgongo.

Swali likawa hili: kikundi kidogo namna hiyo, kinapeleka kemikali moja tu kila mahali, halafu panya huyo huyo analala, anakula, anaogopa, anapanda joto, anatulia. Kemikali moja inafanyaje kazi zote hizo?

Jibu liko kwenye vitasa.

MLANGO MMOJA, KITASA CHAKE

Serotonini yenyewe haina akili. Ni kama ufunguo. Inachofanya kinategemea kitasa inachokutana nacho juu ya seli. Vitasa hivyo wataalamu wanaviita vipokezi. Na ufunguo huu, jamani, ni ule wenyewe tunaouita mtaani ufunguo malaya: mmoja, lakini unaingia milango kibao. Mlango mmoja ukifunguka unaingia jikoni. Mwingine unaingia chooni. Mwingine unawasha king'ora. Ufunguo ni ule ule.

Kuvitambua vitasa hivi ilichukua miaka. Mwaka 1957 huko Uskoti, Gaddum na Picarelli walitumia utumbo wa simbilisi (wale ambao ndugu zetu wa Iringa na Mbeya wanawafuga na kuwatia sufuriani) wakaona kwamba vitasa lazima viwe vya aina mbili. Mwaka 1979 huko Baltimore, Stephen Peroutka na Solomon Snyder walichukua ubongo wa panya na dawa zilizotiwa mionzi kidogo, wakafuata zinagandia wapi. Zikajigawa makundi mawili: namba 1 na namba 2. Mwaka 1985 Pazos na Palacios, kule Uswisi, wakachora ramani nzima ya ubongo wa panya kwa namna hiyo hiyo, mtaa kwa mtaa. Kumbe kila mtaa una mchanganyiko wake wa vitasa. Mwaka 1988 David Julius na wenzake wakasoma maandishi ya kinasaba ya kitasa kimojawapo cha panya. Huyo Julius ndiye aliyekuja kupata Nobel mwaka 2021, kwa kugundua kipokezi kinachotufanya tusikie ukali wa pilipili.

Kufikia leo tunahesabu vipokezi 14, familia saba, vyenye majina ya namba na herufi kama vyumba vya gesti: 1A, 1B, 2A, 2B, 2C, 3, 4 na kuendelea. Ukiguswa 1B kwenye mishipa ya kichwa, mishipa inabana, na dawa kadhaa za kipandauso zinapitia hapo. Ukiguswa namba 3 tumboni, unasikia kichefuchefu na kutapika. Ndiyo maana mgonjwa wa saratani anayetapishwa na matibabu hupewa ondansetroni, dawa inayoziba kitasa hicho. Ebo! Kemikali ya raha inatapisha?

Hapo kwenye kutapika panya alitugomea, maana Mungu hakumpa uwezo wa kutapika kabisa. Akichafukwa anakula udongo, kama mama mjamzito na pemba yake, na wataalamu wanapima udongo alioutafuna ili wajue kichefuchefu chake. Kuona mnyama akitapika kweli kweli, iliwabidi wamtumie mnyama wa Ulaya aitwaye fereti, ndugu yake kicheche.

MSELA, HII YAKO

Haya, msela wangu wa kuchanganya vidonge, sogea. Unaamini kwamba ukiijaza serotonini utapaa. Mwaka 1971 Mwingereza David Grahame-Smith alimjaza panya. Alimpa malighafi ya kutengenezea serotonini, akampa na dawa inayozuia isivunjwe. Serotonini ikafurika kichwani. Unadhani panya alicheza kwa furaha?

Wapi! Panya walianza kutetemeka. Joto la mwili likapanda. Wakawa wanatikisa kichwa huku na huku, miguu ya nyuma imetanuka, miguu ya mbele inakanyaga kanyaga palepale kama mtu anayepiga kinanda. Baadaye wataalamu wakatenganisha hata vitasa vinavyohusika: kule kukanyaga kwa miguu ya mbele kunahusishwa na 1A, na mtikisiko wa kichwa, kama mbwa aliyetoka majini, unahusishwa na 2A. Hiyo siyo raha, mshikaji. Ni nyumba ambayo milango yote imefunguliwa kwa pamoja, king'ora kinalia na bomba linamwaga maji.

Binadamu naye hupatwa na hali hiyo. Anatetemeka, anatoka jasho, joto linapanda, misuli inakakamaa, anachanganyikiwa, na anaweza kufa. Moja ya njia za kufika huko ni kuchanganya dawa mbili ambazo zote zinapandisha serotonini. Tramadoli, ambayo baadhi ya vijana wanaimeza kama peremende, siyo ya maumivu tu. Nayo inapandisha serotonini. Ukiiweka juu ya dawa ya sonona bila daktari kujua, unacheza kamari na maisha. Ukimwona mwenzio katika hali hiyo, usimwagie maji ukasema amelewa. Mkimbize hospitali, na ubebe pakiti za alivyomeza.

SISTADUU, NAWE UJE

Sasa wewe dada wa vidonge vya kukonda. Najua kitchen party iko karibu na gauni limekataa kufunga zipu. Sikiliza kisa hiki.

Mwaka 1957, mwaka ule ule wa simbilisi, John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba kipande cha tumbo la panya kikining'inizwa kwenye chombo hujikaza kikiguswa na serotonini kidogo sana. Miaka mingi watu walikitumia kipande hicho kama mizani ya kupimia serotonini, bila kujua ni kitasa gani hasa kinachofanya kazi pale. Mwaka 1992 ndipo kilipotambuliwa kinasaba, kutoka kwenye tumbo hilo hilo la panya. Leo kinaitwa 2B.

Wakati huo huo Wamarekani walikuwa wanameza kwa mamilioni mchanganyiko ulioitwa Fen-Phen. Ndani yake mlikuwa na fenfluramini, inayoongeza serotonini na kukata hamu ya kula, kwa kiasi kikubwa kupitia kitasa cha 2C. Watu walikonda kweli. Mambo bomba! Mpaka mwaka 1997, madaktari waliporipoti wanawake 24 waliotumia mchanganyiko ule na vali zao za moyo zimeharibika. Septemba mwaka huo fenfluramini ikaondolewa sokoni. Mwaka 2000 wachunguzi wakaeleza kilichotokea: mwilini dawa ile inageuka kuwa kitu kinachokiamsha kitasa cha 2B, na 2B haiko tumboni mwa panya tu. Iko kwenye vali za moyo wa binadamu, na ikiamshwa sana vali zinakua nene na kuanza kuvuja.

Umeona? Walitaka kufungua mlango wa jikoni, ufunguo ukafungua na mlango wa moyo. Kwa haki niseme pia kwamba mwaka 2020 Marekani iliirudisha fenfluramini, kwa watoto wenye kifafa kikali cha aina fulani, na moyo wao unapimwa kila baada ya muda. Lakini hiyo ni dawa mkononi mwa daktari. Wewe kidonge chako kimetoka kwenye mkoba wa shoga, hakina hata karatasi ya maelezo. Nani anampima moyo nani?

KWA NINI SIKU SITA HAZITOSHI

Nimemwacha mwisho binti yangu wa sonona, kwa sababu nataka anisikilize kwa utulivu. Mdogo wangu, wewe si mvivu, wala hukurogwa, wala hujadeka. Sonona ni ugonjwa. Ulifanya la maana kwenda kwa daktari. Kosa ni la aliyekupa vidonge bila kukueleza kwamba vinachelewa.

Vidonge vyenyewe, kama fluoksetini, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 1987 kwa jina la Prozac, vinafanya hivi: seli ikishaitoa serotonini, kawaida inainyonya irudi ndani. Kidonge kinaziba mnyonyo huo. Mnyonyo unazibwa mapema, siku ile ile ya kwanza. Sasa mbona mtu hapati nafuu siku ile ile?

Tumwulize panya. Mwaka 1983, kule Montreal, Pierre Blier na Claude de Montigny waliwapa panya dawa ya jamii hiyo na kusikiliza kwa waya mwembamba jinsi seli za serotonini zinavyopiga. Baada ya siku mbili, seli zilikuwa zimepunguza kasi. Baada ya siku saba zilikuwa zimerudi nusu nusu. Baada ya siku 14 zilikuwa zinapiga kama kawaida, na dawa bado imo mwilini.

Sababu ni kitasa cha 1A. Seli za serotonini zenyewe zinavyo vitasa hivyo mwilini mwao, na vinafanya kazi ya breki. Serotonini ikiongezeka pale walipo, seli inasema, "Aa, imetosha," inapunguza kupiga. Kwa hiyo siku za mwanzo kidonge kinakanyaga mafuta na seli inakanyaga breki. Breki ikikanyagwa siku nyingi inalegea. Ndipo gari linaanza kwenda. Wataalamu wengi wanaona hii ni sehemu mojawapo ya maelezo ya kwa nini binadamu husubiri wiki mbili mpaka nne, pengine zaidi, kabla hajaona nafuu.

Ukiacha siku ya sita, umeshuka kwenye basi wakati dereva ndo kwanza anawasha injini. Ila kama katika siku hizo unajisikia vibaya zaidi, huna utulivu, au yanakujia mawazo ya kujidhuru, hasa kama hujafika miaka 25, usingoje wiki ziishe. Rudi hospitali siku hiyo hiyo na umwambie mtu wa nyumbani. Na hata ukipona, usikate vidonge ghafla. Daktari ndiye anayekushusha taratibu.

PANYA SI MTU

Kabla hamjanirushia mawe: je, panya na mtu ni sawa? Hapana, na wenyewe wanalijua hilo. Kitasa kiitwacho 1E sisi tunacho, panya hana. Kiitwacho 5B panya anacho kinachofanya kazi, chetu kimekufa. Na kile cha 1B, kilichojengwa kwa matofali karibu 390, mwaka 1992 ilionekana kwamba tofali moja tu likiwa tofauti kati ya panya na mtu, dawa zinakishika kwa namna nyingine kabisa. Propranololi, dawa ya siku nyingi ya presha, inakishika barabara kile cha panya na kukigusa kidogo tu cha mtu. Tofali moja! Ndiyo maana dawa ikishamaliza kwa panya bado inapita kwa watu wa kujitolea, hatua kwa hatua, kabla ya kufika kwako.

Na lile la "serotonini imeshuka"? Mwaka 2022 watafiti waliupitia kwa pamoja ushahidi wa miaka mingi, wakasema haukuonyesha kwamba sonona inatokana na upungufu wa serotonini. Watu wakaruka: "Basi dawa ni uongo!" Taratibu, jamani. Panadol inatuliza kichwa, lakini kichwa hakiumi kwa upungufu wa Panadol. Dawa inaweza kusaidia bila ugonjwa kuwa ni tangi lililokauka. Na kwa wengine kinachosaidia zaidi ni kuongea na mshauri, au vyote viwili pamoja.

Kwa hiyo wiki hii ukimsikia mtu saluni anampima mwenzake serotonini kwa macho, mwulize kwa upole: "Unasema ya kitasa gani, dada? Vipo 14." Akikosa jibu, mnunulie soda, umsomee ukurasa huu. Na kama kuna rafiki yako aliyenyamaza siku hizi, hapokei simu, hali, hacheki, usimpelekee chokoleti na lawama. Kaa naye, kisha msindikize kwa daktari, na siku ya sita mpigie simu umwambie avumilie.

Haya, wino umeisha. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Ciao!